Waliokesha na Moto

Katika filamu Cold Case Hammarskjöld, iliyotoka mwaka 2019, kuna kipande cha bati ambacho jicho halichoki kukirudia. Kina vitundu vidogo. Baba yake Göran Björkdahl, Mswidi aliyefanya kazi Zambia miaka ya 1970, alikipata huko na kuelezwa kwamba kilitoka kwenye ndege iliyoanguka karibu na Ndola. Kisha kikapita mkononi mwa mwanawe. Mwana akakigeuzageuza na kuuliza swali ambalo kila anayekiona huliuliza kabla hajajizuia: haya ni matundu ya nini? Bati halijibu. Lakini swali likishaulizwa halirudi tena mdomoni. Lilimpeleka Björkdahl msituni Ndola, likamvuta mtengeneza filamu Mads Brügger wa Denmark, likatukalisha sisi watazamaji mbele ya kioo tukiwa tumeshika pumzi. Ndivyo moyo wa binadamu ulivyo: huvumilia kifo, hata cha ghafla, hata cha kikatili, lakini hauvumilii kifo kisicho na maelezo. Maiti iliyooshwa, ikasaliwa, ikazikwa, ikasemewa neno la mwisho, huwaacha walio hai waendelee na safari. Maiti ambayo sababu yake imefungiwa kabatini hubaki kizingitini, na kila apitaye huikuta hapo.

Yanayojulikana juu ya usiku ule yanaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Tarehe 17 Septemba 1961 ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina iliruka kutoka Léopoldville, leo Kinshasa, ikiwa na watu 16. Mmoja wao alikuwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa anakwenda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, kuonana na Moïse Tshombe, aliyelitenga jimbo la Katanga na Kongo tangu Julai 1960, ili wapatane kusimamisha mapigano. Kwa kuikwepa anga ya Katanga, ambako ndege ya kivita ya Tshombe ilikuwa ikiwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa, rubani alizungukia mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika, kisha akaelekea kusini. Saa sita na dakika kumi usiku aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaziona taa. Hakutua. Mabaki ya ndege yalitangazwa kuonekana saa tisa alasiri, msituni, kama kilomita 15 kutoka uwanjani. Mtu mmoja alikutwa hai, mlinzi Harold Julien. Alizungumza juu ya mlipuko na cheche angani, kisha naye akafa baada ya siku chache. Hammarskjöld alikutwa kando ya kichuguu, mwili wake haukuungua.

Kilomita 15, na saa 15. Mtu wa miguu angefika kabla ya jua kupanda. Uwanjani walikuwepo wakubwa wa serikali, akiwemo Lord Alport, mwakilishi wa Uingereza, ambaye alisema huenda mgeni ameamua kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Filamu za njama hupenda vitu kama hivi, nami naelewa kwa nini: mnara ambao mazungumzo yake hayakurekodiwa, simu zisizopigwa, mkubwa anayesema neno jepesi katika saa nzito. Mtunzi wa hadithi hana haja ya kubuni, usiku wenyewe umekwisha kumwandalia kila kitu. Hata hivyo, kadiri ninavyoutafakari usiku ule, ndivyo ninavyoona kwamba mahali penye uzito si kwenye mnara wala kwenye chumba cha wageni mashuhuri. Uzito uko msituni, kwa watu ambao hakuna aliyewapangia nafasi katika hadithi.

Kuna watu usiku ule hawakulala. Msituni walikuwemo wachoma mkaa, Waafrika waliokuwa wakiishi kwa kukata miti, kuipanga, kuifunika majani na udongo, kisha kuitia moto ili iungue taratibu bila kuwaka. Kazi ya mkaa haina usingizi. Tanuri likipasuka upande mmoja na hewa ikapenya, magogo yote hugeuka majivu, na jasho la siku nyingi hupotea kabla ya jogoo kuwika. Kwa hiyo mchoma mkaa hukesha. Hulizunguka tanuri lake gizani akisoma rangi ya moshi, akisikiliza kuni zinavyolia ndani, akiziba ufa kwa udongo mbichi. Ni nani angeweza kuujua moto wa usiku kuliko yeye? Wakubwa wa uwanjani walizoea taa za umeme; huyu alizoea giza, na katika giza hilo aliweza kupambanua mwako na mwanga, cheche na radi. Baadhi yao walisema waliona ndege kubwa ikizunguka na nyingine ndogo ikiwa karibu nayo. Wengine waliona mwanga ukishuka kutoka juu. Wengine walisikia mshindo ndege ikiwa bado angani. Maelezo yao hayafanani kwa kila kitu, na hilo ni la kawaida kwa watu waliosimama sehemu mbalimbali za msitu mmoja, kila mmoja na tanuri lake.

Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia iliwasikiliza baadhi yao mapema mwaka 1962, kisha ikawaweka kando. Ikaamua kwamba rubani alikosea, alishuka chini mno. Maneno ya Julien yalihesabiwa kuwa ya mgonjwa anayeweweseka. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikukubali kufunga shauri kwa namna hiyo. Ilisema haiwezi kuiondoa sababu yoyote kati ya zilizotajwa, ikaacha mlango wazi. Na kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ripoti zote mbili. Miongoni mwa wachoma mkaa wapo waliofungwa gerezani kwa kuchukua mashine ya maandishi ya siri waliyoikuta kwenye mabaki. Lipime hilo. Dola iliamini kwamba watu hawa walifika mahali pale, ikawafunga kwa kufika kwao. Dola hiyohiyo haikuamini kwamba watu hawa walikuwa na macho. Mikono yao ilitambuliwa mbele ya sheria, lakini vinywa vyao havikutambuliwa.

Ukivuka mpaka na kuingia Katanga, ambako kwenye miji ya migodi ya shaba Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wafanyakazi waliotoka makabila mengi, utaikuta hadithi pacha. Miezi minane kabla ya Ndola, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, leo Lubumbashi, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwezi mmoja baadaye serikali ya Tshombe ilitangaza kwamba mateka walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Wanakijiji! Ziweke sasa hadithi hizi mbili ubavu kwa ubavu. Katanga, wanakijiji wa kubuni walibebeshwa damu ambayo hawakuimwaga. Ndola, wanakijiji wa kweli walinyang'anywa ushahidi waliokuwa nao. Palipohitajika mwuaji, mtu wa kijijini alikuwepo. Palipohitajika shahidi, hakuwepo. Nadhani hapo ndipo ilipo siri kubwa ya vifo vya viongozi wa enzi ile, na siri hiyo haihitaji jasusi kuifumbua. Ilikaa wazi kabisa, magazetini, kwa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe.

Ukweli uliofunikwa hufanya kama tanuri lile la mkaa. Juu ni udongo mtupu, umepoa, unaweza kuuegemea ukasahau. Chini moto unakwenda. Siku chache baada ya ajali, Harry Truman, rais mstaafu wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Hammarskjöld alikuwa karibu kufanikisha jambo pale walipomwua, akawataka wazingatie alivyosema. Hakufafanua. Miaka mingi ikapita ndipo Charles Southall, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani katika kituo cha kunasa mawasiliano huko Cyprus, akaeleza kwamba usiku ule alisikia sauti ya rubani akisimulia namna anavyoishambulia ndege. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alitoa kitabu kilichokusanya nyaraka na sauti zilizotawanyika, na majivu yakafukuka upya. Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo mara nyingi hutumiwa kuwatetea wasengenyaji, lakini ndani yake mna onyo kwa watawala: mkifunika kisa, hamkiui, mnakipa muda wa kuiva.

Hapo ndipo filamu inapoingia na koleo lake. Brügger na Björkdahl wanaonekana Ndola wakichimba ardhi nyekundu kutafuta mabaki ya ndege yaliyofukiwa, hadi wanazuiwa na mamlaka. Brügger amevaa mavazi meupe, na katika vyumba vya hoteli anawasimulia hadithi yake makatibu wawili, wanawake wa Kiafrika, wanaoipiga taipu na kumuuliza maswali. Nimeutafakari mpango huo wa viti kuliko milio yote ya risasi ya filamu za kijasusi. Mwaka 1962 Waafrika walisema, Wazungu wakaandika walichopenda. Sasa Mzungu anasema, Waafrika wanaandika. Bado hatujafika mahali ambapo mzee wa Ndola anakaa kwenye kiti cha msimulizi na wengine wote wananyamaza. Lakini niseme la haki: sehemu bora ya filamu hiyo ni pale kamera inapotulia mbele ya wazee waliokuwa vijana msituni mwaka 1961, wakaachwa waseme. Nyuso zao hazina pupa. Wanasema walichokiona, basi. Miaka hamsini na zaidi ya kutosikilizwa haikuwafundisha kupiga chuku.

Laiti filamu ingetosheka na hapo. Lakini hadithi ya njama ina njaa isiyoshiba. Ikishakula tonge moja yataka sinia. Filamu inaing'ang'ania karata, ree ya shupaza, inayosemekana ilikutwa kwenye ukosi wa marehemu. Inafuata nyaraka ambazo Askofu Mkuu Desmond Tutu alizionyesha hadharani mwaka 1998, zilizoibuka katika kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, zikitaja kundi la mamluki lililojiita taasisi ya utafiti wa bahari na mpango wa kumwondoa Hammarskjöld. Mpaka hapo ni njia inayostahili kufuatwa. Kisha anatokea shahidi mmoja anayedai kwamba kundi hilo lilieneza virusi vya UKIMWI kwa chanjo, na filamu inamfuata huko, ikiuacha msitu wa Ndola nyuma ya mgongo wake. Wataalamu wa virusi walilipinga dai hilo. Na sisi tunaoishi Afrika tunajua bei ya uvumi wa namna hiyo. Mama anayeogopa sindano ya mtoto kwa sababu ya maneno aliyoyasikia haangaliwi na mtengeneza filamu. Anabaki na mtoto wake, na surua ikibisha hodi, hakuna atakayemlipa.

Kwa hiyo naiogopa filamu ya njama kwa kiasi kilekile ninachoithamini. Naithamini kwa sababu inakataa kulala. Katika nchi ambako jalada limefungwa na wakubwa wameshikana mikono, msanii anayeuliza kwa sauti anafanya kazi ambayo bunge na mahakama vimeiacha. Naiogopa kwa sababu inataka mwisho mtamu, na ukweli mara nyingi hauna mwisho mtamu. Unakuja vipande vipande, kimoja kimetoboka, kingine kimeungua, kingine kiko katika nchi ambayo haitaki kukitoa. Mtazamaji anayetoka ukumbini akiamini kwamba amekwisha kumjua mwuaji huacha kudai majalada. Kiu yake imekatwa kwa maji ya chumvi. Na waficha siri hawana rafiki mkubwa kuliko hadithi iliyopita kiasi, kwa maana siku ukweli halisi utakapojitokeza wataunyooshea kidole na kusema: haya nayo ni kama yale ya kwenye filamu.

Kuna namna nyingine ya kuchimba, isiyo na muziki wala mavazi meupe. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikabidhi jopo la wataalamu kwa Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, lipime taarifa mpya juu ya kifo hicho. Mwaka 2017 akateuliwa kuendelea na kazi hiyo akiwa peke yake, na tangu hapo ripoti zimefuatana. Othman aliwahi kuwa mwendesha mashtaka katika mahakama ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ni mtu anayejua tofauti ya kishindo na ushahidi. Maelezo ya wenyeji wa Ndola, yaliyotupwa mwaka 1962, yakapimwa upya na kupewa uzito wake. Ripoti ya 2017 ikasema kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ndege kuanguka. Tazama kipimo cha maneno hayo. Hakumtaja mwuaji ambaye hana uthibitisho wake, wala hakuwarudishia wakubwa faraja ya kosa la rubani. Akaongeza jambo ambalo kwangu ni kiini cha yote: sasa ni juu ya nchi wanachama kuthibitisha kwamba zimepekua kumbukumbu zao kikamilifu, zikiwemo za kijasusi na za kijeshi. Ripoti zilizofuata zikataja nchi ambazo ushirikiano wake haujatosha, Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zikiwa mbele. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini nyama yenyewe imefungiwa katika makabati ya watu, na funguo wanazo wao.

Wapo wanaosema majalada ya zamani yaachwe, kwamba kuyafungua ni kutonesha vidonda. Ubelgiji inawajibu. Baada ya kitabu cha Ludo De Witte cha mwaka 1999, bunge la nchi hiyo liliunda tume, na mwaka 2001 tume ikakiri kwamba baadhi ya viongozi wa Kibelgiji walibeba wajibu wa kimaadili katika mazingira yaliyomwua Lumumba. Maneno hayo yalikuwa machache kuliko deni. Hata hivyo hadithi ya wanakijiji wauaji ikazikwa na haijafufuka. Juni 2022 jino la Lumumba, masalio pekee ya mwili uliokatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, likakabidhiwa kwa familia yake Brussels, likarudi Kongo kuzikwa. Mbingu haikuanguka. Ubalozi haukufungwa. Familia ilipata kitu cha kuzika, na taifa likapata mahali pa kupeleka maua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayeyasema, hata kwa kuchelewa, huwaponya walio hai.

Katika zogo lote la nani na kwa nini, marehemu mwenyewe husahauliwa. Hammarskjöld alikuwa mtu wa upweke, msomaji, mpanda milima, aliyeacha katika nyumba yake New York daftari la tafakari juu ya Mungu na wajibu, lililochapishwa baada ya kifo chake. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1961 ilitolewa kwake akiwa kaburini. Hakuwa malaika: wapo Wakongo, na wana haki, wanaokumbuka kwamba Umoja wa Mataifa chini yake ulishindwa kumlinda Lumumba. Lakini safari yake ya mwisho ilikuwa ya kutafuta kunyamazisha bunduki katika nchi isiyo yake. Tena hakufa peke yake. Walikuwemo marubani na mafundi wa ndege, walinzi, askari, washauri, na mwanamke mmoja, katibu kutoka Kanada. Watu 15 ambao filamu huwapitia juu kwa juu kwa sababu jina moja linatosha kuuza tiketi. Nyumba 15 zilizoambiwa kwamba rubani alikosea, na moja kati ya nyumba hizo ilikuwa ya rubani mwenyewe.

Sina haja ya kumtaja mwuaji ili nitoe hukumu yangu, kwa maana makosa mawili yamekwisha kuthibitika bila msaada wa karata wala mamluki. La kwanza, walioona waliambiwa hawakuona, kwa sababu ya rangi yao na kazi yao. La pili, nchi zilizojiita marafiki wa Umoja wa Mataifa zimekaa na karatasi zao kwa zaidi ya miaka sitini. Muungwana ni vitendo. London, Washington na Pretoria zifungue majalada yote ya Septemba 1961, yasomwe na mtu huru, hadharani, na kama ndani yake hamna kitu, basi tukione hicho kisichokuwemo. Nasi wa upande huu, wenye simu mkononi na wazee nyumbani, tusingoje Mzungu mwingine aje na koleo. Tuwarekodi waliobaki, kwa lugha zao, kwa majina wanayoyataka wenyewe, bila kuwakatiza. Waliokuwa na miaka 20 usiku ule wamepita 80. Wakienda, hakuna jalada litakalofunguliwa London litakaloweza kutuambia walichokiona.